Ziwa Halitibiwi Ziwani

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa kikundi chetu cha kutunza ziwa. Walioshindwa kufika wameomba waisome, kwa hiyo nimeiandika yote kama ilivyotoka mdomoni. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani nimeziacha. Palipohitaji picha nimeeleza kwa maneno.

Mwenyekiti wetu, wazee wetu, kina mama na kina baba, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mpate kutoka mapema: nawasalimu nyote.

Barua ya mwaliko ilisema nizungumzie mafanikio ya kikundi. Niliisoma mara mbili. Mafanikio tunayo, na nitayafikia Katibu akiniruhusu, lakini mniwie radhi, nitaanza na aibu yetu.

Mnalikumbuka lile rundo?

Waliojiunga karibuni hawalijui, na sisi wakongwe hatupendi kulisimulia. Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza. Gugumaji lilikuwa limefunika ghuba ndogo yote, mtumbwi haupiti. Tukaingia majini Jumamosi tatu mfululizo, watu zaidi ya sitini, wenye reki, wenye majembe, wenye mikono mitupu. Tulivuta mpaka viganja vikachubuka. Jioni ya Jumamosi ya tatu ghuba ilikuwa peupe, na kando yake limesimama rundo la magugu lililomzidi mtu mzima kimo. Tukapiga picha mbele yake. Mimi mwenyewe nimo katika picha ile, nimekunja mikono kifuani kama bondia aliyeshinda.

Rundo tukaliacha palepale, hatua tano kutoka majini. Nani angelibeba? Tulikuwa hoi.

Mvua ikanyesha. Nilirudi pale baada ya wiki tatu. Rundo lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa magoti, jeusi, linafuka mvuke, na chini yake unatoka mchirizi mwembamba wa rangi ya kutu unaokwenda taratibu kuelekea ziwani. Pale mchirizi ulipoingia, maji yalikuwa ya kijani kama rangi ya kupaka ukuta. Nikachovya kidole, kikatoka na utando. Yaani gugu tulilitoa mchana mbele ya kamera, mvua ikalirudisha usiku, likiwa limeshasagwa, tayari kulishwa gugu jingine. Mwaka uliofuata ghuba ilifunikwa tena.

Ndugu zangu, tulikosea wapi? Uvivu haukuwa kosa letu, maana watu waliumwa migongo mwezi mzima. Wala hatukukosa upendo. Tulikosea kwa kudhani kwamba ugonjwa uko pale unapoonekana. Mtu akitokwa na upele, unaufuta kwa kitambaa? Sisi tuliufuta upele wa ziwa kwa kitambaa, kisha kitambaa tukakikamulia kwenye kidonda kilekile.

Niwapeleke mbali kidogo. Nchini Kanada, katika jimbo la Ontario, kuna eneo la maziwa madogo lililotengwa kwa ajili ya utafiti tangu mwaka 1968. Ziwa mojawapo wanaliita kwa namba tu: 226. Limebanwa kiunoni kama tarakimu nane. Mwaka 1973 mwanasayansi David Schindler na wenzake walitandaza pazia pale kiunoni, wakaligawa ziwa mara mbili. Upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili wakatia vitu vilevile, wakaongeza kimoja tu: fosforasi, kirutubisho cha mimea kilichomo kwenye mbolea. Haikupita miezi mingi, ikapigwa picha kutoka angani. Upande mmoja maji yana weusi wake wa kawaida. Upande wa pili kijani kibichi, mwani mtupu, yaani vijimea vidogo vya majini, na katikati mpaka umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Enzi hizo kulikuwa na ubishi mkubwa. Watengeneza sabuni walikuwa wakisema fosfeti zao, yaani fosforasi iliyomo ndani ya sabuni, hazina kosa, mwani unasababishwa na kitu kingine. Picha ile moja ilizima sehemu kubwa ya ubishi. Naipenda sana, na walioko hapa wanaiona ukutani. Nyinyi mtakaosoma baadaye, fikirini ziwa moja, maji yaleyale, jua lilelile, mvua ileile, na kijiko kimoja cha ziada.

Sasa jiulizeni: hiyo fosforasi inafikaje ziwani? Haina miguu. Inasafiri juu ya chembe ya udongo. Udongo wa shamba lililolimwa mpaka kwenye ukingo wa kijito unabeba mbolea yote iliyotiwa pale, mvua moja kubwa inaushusha. Inasafiri ndani ya samadi ya mifugo inayonywea kijitoni. Inasafiri kwenye majitaka, kwenye choo kinachovuja, kwenye mtambo wa kusafisha majitaka uliozidiwa, kwenye povu la sabuni ya kufulia. Ikifika ziwani, kilo moja yake inatosha kukuza mwani wa mamia ya kilo. Mwani ukifa unazama, unaoza, na katika kuoza unakula oksijeni ya chini. Samaki hawakai pasipo na pumzi.

Na mwani mwingine una sumu. Agosti 2014 katika mji wa Toledo, Marekani, watu karibu nusu milioni wanaotegemea maji ya Ziwa Erie waliambiwa wasinywe maji ya bomba. Ilidumu siku tatu hivi. Waliambiwa pia wasiyachemshe, kwa sababu sumu ile haifi kwa kuchemshwa. Maji yanapungua kwa mvuke, sumu inabaki palepale. Nalisema hili kwa sababu nasikia wengi wetu wakisema "mimi nayachemsha, sina wasiwasi." Maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi, usiyachemshe. Yaache.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia mpaka mnichoke: ziwa halitibiwi ziwani.

Linatibiwa wapi, basi? Niwape kisa cha Ziwa Biwa. Ni ziwa kubwa kuliko yote Japani, na watu wapatao milioni 14 hutegemea maji yake. Mwezi Mei mwaka 1977 maji yake yalibadilika rangi, yakawa mekundu yenye hudhurungi, yakanuka. Kidudu kidogo sana cha majini kilikuwa kimezaliana kupita kiasi. Watu wakashika vichwa. Ila walikuwapo kina mama ambao tangu kabla ya hapo walikuwa wameanza kuzitilia shaka sabuni za kisasa za kufulia, si kwa sababu ya ziwa, bali kwa sababu ya ngozi za watoto wao zilizokuwa zikitoka vipele. Sasa wakaambiwa kwamba sabuni zilezile zina fosfeti, na fosfeti inateremka na maji ya kufulia mpaka ziwani.

Tazameni hapo. Wangeweza kuinyooshea kidole serikali, wangeweza kuvinyooshea viwanda, na vyote viwili vilikuwa na sehemu yake. Wao walianza na beseni la nyumbani. Wakaacha sabuni za kemikali, wakarudi kwenye sabuni ya kawaida ya unga. Wakakusanya mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, ambayo nayo yangemwagwa mtaroni, yakatengenezewa sabuni. Nyumba kwa nyumba. Watu wakaiita harakati ya sabuni. Na walipokuwa wengi kiasi cha kutosha, ndipo walipokwenda kudai sheria. Mkoa wa Shiga ukapitisha sheria mwaka 1979, ikaanza kutumika mwaka 1980: sabuni za kufulia zenye fosforasi zisiuzwe, zisitumike, hata zawadi mtu asipewe. Watengenezaji walipinga kwa nguvu, kisha wakatoa sabuni zisizo na fosfeti.

Je, Ziwa Biwa lilipona? Hapana, sitawadanganya. Mwaka 1983 mwani mwingine, wa kijani, ulitokea. Sabuni ilikuwa mlango mmoja, na nyumba ina milango mingi. Lakini mimi kinachonigusa katika kisa hiki ni mpangilio wake: beseni kwanza, sheria baadaye. Aliyekwenda kudai sheria alikwenda mikono yake ikiwa safi. Hakuna aliyeweza kumuuliza, "Na wewe je, unafulia nini?"

Sisi tukiulizwa hivyo tutajibu nini?

Hapo ndipo linapoingia daftari. Mnajua mimi ndiye mbeba kisahani. Wengine mnaniita hivyo hata barabarani, na nimeshazoea. Kisahani chenyewe ni hiki hapa. Upana wake sentimita 20, kimegawanywa robo nne, mbili nyeusi, mbili nyeupe. Katikati kamba yenye mafundo, kila sentimita kumi fundo moja. Kilivumbuliwa mwaka 1865 na padri mmoja wa Italia aliyekuwa pia mwanafalaki, Angelo Secchi, aliyekijaribia baharini. Chake kilikuwa cheupe chote. Zaidi ya miaka 150, na bado hakijapata mpinzani kwa urahisi. Unakishusha upande wa kivuli wa mtumbwi, unatazama. Kinazama, kinafifia, kinakuwa kama mwezi nyuma ya wingu, kinapotea. Unahesabu mafundo. Unakivuta polepole mpaka kitokeze tena, unahesabu tena. Wastani wa namba hizo mbili ndio uangavu wa maji ya siku hiyo. Basi. Hakuna umeme, hakuna programu, hakuna kibali.

Tunaandika kwa penseli. Wino ukilowa unatoka, na majini kila kitu hulowa. Tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, sentimita. Kila wiki mbili, vituo vitano, sasa ni mwaka wa sita. Kuna ukurasa una alama ya dole gumba lenye tope, ni langu. Kuna ukurasa umeandikwa "mvua, tumerudi" na hakuna namba. Na huo pia ni ukweli, tumeuacha.

Nikueleze siku daftari lilipotuumbua. Mnakumbuka tulivyokuwa na hasira na kiwanda kimoja, sitakitaja, kwamba ndicho kinachochafua ziwa. Tulikuwa na hakika kabisa. Kuna bango liliandikwa. Kuna mjumbe, naye simtaji ingawa anacheka hapo, aliyetunga mpaka wimbo. Tukaomba kikao, na kabla ya kikao nikaambiwa niandae namba. Nikakaa usiku mmoja na daftari na taa, nikachora vituo vyote vitano kwenye karatasi, mstari mmoja mmoja.

Kituo cha karibu na kiwanda maji yalikuwa hafifu, ndiyo, lakini hayakubadilika sana mwaka mzima. Kituo cha tatu, mdomoni mwa kijito cha mashariki, ndicho kilichonikosesha usingizi. Wakati wa kiangazi sentimita 140. Wiki ya kwanza ya mvua, 45. Kiangazi kinachofuata, inapanda. Mvua inayofuata, inaporomoka. Miaka yote, bila kukosa. Na nani analima kwenye kijito cha mashariki?

Kimya hiki hiki ndicho kilichokuwapo chumbani kwangu usiku ule.

Ni sisi. Si wote, lakini ni sisi, wanachama wa kikundi, tunaolima mpaka jembe linagusa maji. Nami nina kipande changu pale, mita chache kutoka kijitoni, nilikuwa nimefyeka matete yote ili nipate mistari miwili zaidi. Mistari miwili! Daftari halina undugu, ndugu zangu. Halikujua kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiliandika.

Kiwanda hakikutakaswa kwa hilo. Maji hafifu mwaka mzima nayo yana mwenyewe, na suala lao bado liko mezani, na sasa wanatusikiliza vizuri zaidi kwa sababu tulianza kwa kusema letu. Lakini tungekwenda na lile bango peke yake, wangeuliza swali moja tu na tungerudi nyumbani.

Kuhusu matete, niseme neno moja maana najua mtauliza. Matete na mafunjo ya ukingoni ndiyo chujio. Maji yakipita humo yanapunguza mwendo, udongo unatua, mizizi inanyonya mbolea. Tukiyafyeka ili tuone mandhari au tupate mistari miwili, tumeng'oa chujio na kuacha bomba wazi. Nchi nyingi zina sheria ya kuacha ukanda usioguswa. Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sheria ipo. Ukanda wenyewe ndio unaotafutwa kwa tochi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hamlipendi: vikao. Najua, najua. Watu wanajitokeza sitini kuvuta magugu, kikao na halmashauri wanajitokeza wanne, na wawili wamekuja kwa sababu ya kivuli. Lakini yapo mambo beseni la nyumbani haliwezi. Bomba la majitaka la mji mzima hulizibi kwa mikono.

Pale Seattle, Marekani, kuna Ziwa Washington. Katika miaka ya 1950 miji iliyolizunguka ilikuwa ikimwagia humo majitaka yaliyosafishwa nusunusu, kutoka mitambo ipatayo kumi. Mwaka 1955 mtafiti wa chuo kikuu cha pale, W. T. Edmondson, na wenzake wakauona ndani ya ziwa mwani wa aina fulani ambao maziwa kadhaa ya Ulaya yalikuwa nao kabla hayajaharibika kabisa. Ziwa lilikuwa bado zuri kwa macho! Watu walikuwa wakiogelea. Yeye akasema: mkiendelea hivi, litageuka. Mwanasheria mmoja, James Ellis, pamoja na raia wengine wakashika bango la kuunda chombo kimoja cha kukusanya majitaka ya miji yote, kwa sababu kila mji ulikuwa na mtaro wake na kisingizio chake.

Machi 1958 wakapiga kura. Wakashindwa.

Mnafikiri walifanya nini? Sisi tulipokataliwa barua yetu ya kwanza tulinuna miezi tisa. Nisameheni, lakini nilihesabu. Wao walikaa chini wakauliza: ni nini kilichowaogopesha watu? Wakakuta mpango ulikuwa mkubwa mno, umebeba na usafiri na mipango miji. Wakayapunguza yote, wakabakiza majitaka. Septemba mwaka huohuo wakarudi kwenye kura. Wakashinda.

Mabomba yakajengwa, majitaka yakaanza kuondolewa ziwani mwaka 1963, la mwisho likaondolewa 1968. Katikati ya kazi ile hali ilikuwa mbaya: mwaka 1964 kisahani kama hiki kilikuwa kinapotea kabla ya mita moja. Kufikia 1968 kilikuwa kinaonekana mpaka mita tatu hivi, na baada ya hapo maji yakazidi kung'aa. Kisahani, ndugu zangu! Hiki hiki. Niongeze tu, kwa haki, kwamba majitaka yale baada ya kusafishwa yalielekezwa upande wa bahari, na bahari nayo ina wenyewe. Hakuna mahali panapoitwa "kule."

Mkitaka kisa cha ukaidi zaidi, someni habari za Ziwa Mono, huko California. Tangu 1941 jiji la Los Angeles lilikuwa likichukua vijito vinavyolilisha, ziwa likashuka, chumvi ikaongezeka maradufu. Wanafunzi wachache walikwenda kulichunguza mwaka 1976, na mwaka 1978 likaundwa kundi dogo la kulitetea. Kundi hilo na wenzao wakaenda mahakamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu Kabisa ya California ikasema maji yale ni amana ya umma, serikali haiwezi kuyagawa na kusahau. Ilipofika 1994 mamlaka ya maji ikaweka kimo ambacho ziwa lazima lirudishwe. Mpaka leo halijakifikia, na wale watu mpaka leo wapo. Mwaka wa arobaini na kitu wanahesabu futi.

Hilo linanileta kwenye swali ambalo mama mmoja aliniuliza mwaka jana ukingoni, nami nikashindwa kulijibu vizuri. Aliniuliza: "Mwanangu, tukiacha kulichafua leo, litakuwa safi lini?" Nikamwambia mwakani. Nilimdanganya, mama, na kwa kuwa uko hapa naomba radhi mbele ya watu.

Jibu lenyewe liko kwenye tope. Miaka yote ile ya kumwaga, sehemu ya fosforasi ilizama ikalala kwenye tope la chini. Oksijeni ikiisha kule chini, tope linaiachia, inapanda tena juu. Ziwa linajilisha lenyewe sumu ya jana. Katika mji wa Växjö, Uswidi, kuna ziwa dogo, Trummen. Lilipokea majitaka ya mji na ya kiwanda miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakayaondoa yote, wakangoja. Wakangoja zaidi ya miaka kumi. Ziwa likabaki mgonjwa vilevile. Mwishowe, mwaka 1970 na 1971, wakalinyonya tope la juu, nusu mita mwaka wa kwanza, nusu mita mwaka wa pili. Hapo ndipo maji yalipobadilika. Angalieni utaratibu: kwanza walifunga mlango, ndipo wakafagia. Wangefagia kwanza, tope lingerudi. Mashine za kunyonya tope ni ghali, na kila baada ya miezi michache hutokea mtu wa kutuuzia dawa ya kunyunyiza au mashine ya kupuliza hewa. Sisemi zote ni utapeli. Nasema muulizeni mtu huyo swali moja: kijito cha mashariki umekifanya nini?

Hata gugumaji letu linafundisha hivyohivyo. Katika Ziwa Victoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, mgeni kutoka Amerika Kusini. Katika miaka ya 1990 wakaletwa fukusi wa aina mbili wanaokula gugu hilo tu, na wakazi wa kandokando wakashiriki kuwafuga na kuwaachia. Mwishoni mwa miaka hiyo gugu lilipungua sana, watu wakashangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Mwaka 2006 mvua kubwa zikaja, gugu likarudi. Mbegu zake hukaa topeni miaka mingi zikisubiri, na chakula kilikuwa bado kinateremka kutoka bara. Fukusi alifanya kazi yake. Kazi ya watu ilikuwa haijakwisha.

Basi, mafanikio, Katibu, naona unatazama saa. Kwenye kijito cha mashariki kaya kumi na moja zimeuacha ukanda wa kingoni. Matete yameota yenyewe, hatukupanda hata moja. Mistari yangu miwili imemezwa na sasa kuna kwarara anatafuta konokono pale nilipokuwa napanda. Magugu tunayoyavuta hatuyaachi tena ukingoni, tunayapandisha mpaka nyuma ya kilima, yanafanywa mboji na yanarudi mashambani yalikotoka. Inachosha kuliko mwanzo. Msimu uliopita wa mvua kituo cha tatu kilisoma 70. Kabla ya hapo kilikuwa kinasoma 45, mnakumbuka. Ni msimu mmoja tu, na mvua zenyewe zilikuwa chache, kwa hiyo msipige makofi bado. Nasema acheni makofi. Haya, asanteni.

Ninachoomba kwenye kikao cha leo ni vitu viwili, na vyote viko kwenye agenda. Siku sita kati ya kumi na mbili za kazi za mwakani zihamie juu, vijitoni na kwenye vyoo vinavyovuja kule mtaa wa juu. Najua ziwani ndiko kwenye upepo na picha nzuri. Kule juu kuna miiba na majirani wasiotaka kuonyeshwa choo chao. Pili, ile barua ya kuhusu mtambo wa majitaka iliyokataliwa ipunguzwe, ibakie na ombi moja, irudishwe kabla ya mvua. Nimeandika rasimu. Ukurasa mmoja, na nyuma yake mstari wa kituo cha kwanza kwa miaka sita.

Jumamosi ijayo ni zamu ya kupima. Tunaondoka saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda, kutoka palepale lilipokuwa rundo. Wa kupiga kasia yupo, wa kushika kamba ni mimi. Aliyekuwa akiandika amehamia mbali, kwa hiyo natafuta mtu mwenye mwandiko unaosomeka na asiyeogopa kulowa. Vijana wa mlangoni, mtoke mkipitia kwangu. Penseli ninazo.